Kizimkazi Ipi? Uchambuzi wa Safari Moja ya Mzigo Kusini Unguja

Tuchukue safari moja ya kawaida kabisa. Tangi la maji la lita 1,000, mabomba na mfuko wa viungio vinatoka Malindi ya mjini Unguja saa 8 mchana juu ya kigari cha mizigo, vinapelekwa msikiti unaotengenezewa pahala pa kutilia udhu. Dereva ni mtu wa Wete, Pemba, anayeishi Bububu. Mjini anapajua, kaskazini anapajua, lakini kusini hajawahi kuvuka Tunguu. Fundi anayemsubiri amempa maelekezo kwa simu: "Njoo Kizimkazi. Ukishatoka Mwanakwerekwe fuata tu daladala zinazoanza na tatu, ukifika ulizia msikiti, hakuna asiyeujua."

Hakuna neno la uongo hapo. Namba za daladala za kusini kweli zinaanza na tatu, msikiti wa Kizimkazi kweli unajulikana, na fundi kweli yuko Kizimkazi. Hata hivyo dereva alipotea mara mbili. Mara ya kwanza alikwenda njia ya Paje kilomita kadhaa kabla ya kugeuza. Mara ya pili alifika Kizimkazi, akafika msikitini, akazima gari, akapiga simu:

"Fundi, nishafika. Niko hapa msikitini."

"Na mie niko msikitini, mbona sikuoni?"

"Niko hapa nje, upande wa makaburini."

"Makaburini wapi tena?"

Aliposhusha tangi ilikuwa imebaki nusu saa magharibi iingie, na kazi ikalala. Mtu akisikia kisa hiki husema dereva hakuuliza vya kutosha. Sisi tunaona tofauti. Dereva alifanya sawasawa na alivyoambiwa, na vibao alivyokutana navyo alivifuata. Kilichomwangusha ni majina: kila pahala penye njia mbili alipewa jina ambalo njia zote mbili zinalo.

Tuanze na ile tatu. Namba za daladala za Unguja zina mpangilio ambao wengi wetu tunautumia bila kuufikiria. Za shamba upande wa kaskazini zinaanza na moja: 116 Nungwi, 117 Kiwengwa, 118 Matemwe. Za mashariki zinaanza na mbili: 206 Chwaka, 214 Uroa. Za kusini zinaanza na tatu: 308 Unguja Ukuu, 309 Jambiani, 310 Makunduchi, 324 Bwejuu, 326 Kizimkazi. Za mjini na pembezoni zinaanza na tano: 502 Bububu, 505 Uwanja wa Ndege. Pemba wana sita: 602 Konde, 603 Mkoani, 606 Wete, zote zikitokea Chake. Ni mpangilio mzuri sana, na mtoto wa skuli anaujua kuliko ramani yoyote. Lakini namba hiyo ni ya gari, si ya barabara. Inakwambia gari inaishia wapi, haikwambii lami uliyo juu yake inakwenda wapi.

Sasa angalia kinachotokea Kitogani. Kutoka Mwanakwerekwe, Tunguu, Bungi, hadi unapita msitu wa Jozani, gari zote za tatu zinazokwenda mbali zinafuatana. Kitogani zinaachana. Za 309 na 324 zinapinda kushoto kwenda Paje, moja iendelee Jambiani na nyengine Bwejuu. Za 310 na 326 zinashika njia ya kusini, Muyuni na Makunduchi. Dereva wetu alikuwa nyuma ya 324. Aliambiwa afuate tatu, akaifuata tatu. Na hata kama daladala isingekuwepo mbele yake, magari ya watalii yanayopinda Paje ni mengi, na mgeni wa njia hufuata wengi.

Kibao cha Kitogani kingeweza kumwokoa? Katika kisa hiki kibao kilikuwa na majina mawili: Paje kushoto, Makunduchi mbele. Kizimkazi hamna. Kwa aliyekiandika hilo ni sahihi, kwa sababu Makunduchi ndiko barabara inakoishia na Kizimkazi ni mchepuko wa mbele. Kwa dereva anayetafuta Kizimkazi, kibao hicho hakina jibu. Hajui kwamba Kizimkazi iko njia ya Makunduchi, maana hakuna aliyemtajia Makunduchi.

Hili si tatizo la visiwani peke yake. Los Angeles, Marekani, barabara zao kuu, zile pana zisizokatwa na njia panda, zina jina na zina namba, na viwili hivyo haviendi pamoja. Mtu akitoka katikati ya jiji kuelekea bonde la San Fernando kwa Hollywood Freeway yuko kwenye namba 101. Inapokutana na Ventura Freeway, akitaka kubaki na jina la Hollywood inambidi aingie namba 170. Akitaka kubaki na namba 101, jina linageuka Ventura. Na Ventura hiyohiyo, upande wa mashariki wa makutano, namba yake ni 134. Kwa hiyo mwenyeji anayemwelekeza mgeni "baki na Hollywood" na mwenyeji mwengine anayemwambia "baki na 101" wanampeleka njia mbili, na kila mmoja anaapa kuwa amesema "nenda moja kwa moja." Upande wa San Francisco kuna kipande kimoja cha lami, baina ya Oakland na Berkeley, ambacho kwa wakati mmoja ni 80 Mashariki na 580 Magharibi, na ukishika dira gari inaelekea kaskazini. Sababu ni kwamba mwelekeo unaoandikwa ni wa barabara nzima toka mwanzo hadi mwisho wake, hautazami kipande ulichopo.

Wao wana barabara zenye njia nne na tano kila upande, sisi tuna njia mbili na ng'ombe wanaovuka, ila kosa ni lile lile. Jina au namba inayotosha kwa aliyezowea inafeli penye kugawanyika, na penye kugawanyika ndipo mgeni anapoihitaji.

Tuje kwenye kosa la pili, ambalo ndilo zito.

Dereva aligeuza njia ya Paje, akarudi Kitogani, akashika njia ya Makunduchi. Penye njia panda ya Kufile akakuta kibao cha Kizimkazi, akaingia kulia. Mpaka hapo sawa. Mbele njia inagawika: mkono wa kulia Kizimkazi Dimbani, wa kushoto Kizimkazi Mkunguni. Baina ya vijiji hivyo viwili ni kama kilomita 3, na kila kimoja kina watu wake, ufukwe wake na misikiti yake. Lakini mwenyeji wa chochote kati ya hivyo viwili, akiwa mjini, husema "natoka Kizimkazi", basi. Jina la pili analitumia akiwa kule tu, na wenzake wa kule. Fundi alikuwa Mkunguni. Hakusema Mkunguni kwa sababu kwake yeye Kizimkazi ni pale alipo.

Na lile neno "msikiti" ndilo lililomaliza kazi. Dimbani ndiko uliko msikiti wa kale wa Kizimkazi, wenye maandishi ya Kikufi karibu na kibla yanayotaja mwaka 500 Hijria, yaani 1107 Miladi. Ni katika majengo ya kale kabisa ya Kiislamu yanayojulikana katika pwani yetu, na bado watu wanasali ndani yake. Ukimwuliza mtu yeyote njiani "msikiti wa Kizimkazi uko wapi," atakuelekeza huko, na atakuwa hakukosea. Penye mgawiko dereva alikuta kibao cha msikiti wa kale kinachoonesha kulia. Alikuwa anatafuta msikiti ulioko Kizimkazi ambao hakuna asiyeujua. Angepinda wapi pengine?

Ongeza na hili: wapo wanaoiita Mkunguni kwa jina la Kizimkazi Mtendeni, na mbele huko kusini kuna kijiji kingine kabisa kinachoitwa Mtende, na Mtendeni nyengine iko Mji Mkongwe. Kama fundi angejirekebisha kwa simu na kusema "Mtendeni", dereva wa mjini angeweza kufikiri ameambiwa arudi alikotoka.

Majina pacha kama haya yamejaa. Michamvi kuna Kae na Pingwe. Bumbwini kuna Makoba na Mafufuni. Pwani Mchangani ni kijiji cha kaskazini mashariki, na Mchangani ni mtaa wa mjini. Chwaka iko Unguja, na Pemba iko Chwaka nyengine karibu na Tumbe. Unguja ni kisiwa kizima, Unguja Ukuu ni kijiji. Pemba ukiona kibao kimeandikwa "Mkoani" lazima ujue kuwa huo ni mji wenye bandari, haikusudiwi ofisi ya mkoa. Hata mjini kwenyewe: dereva akitoka bandarini huambiwa "shika Creek Road," ramani ya simu inamwandikia Barabara ya Benjamin Mkapa, na utingo anapiga kelele "Darajani!" Zote tatu ni pale pale. Mkono wa bahari, ndio hiyo "creek", ulishafukiwa na daraja halipo tena, majina yamebaki.

Hakuna haja ya kubadilisha jina hata moja kati ya hayo. Majina ni ya wenyewe. Kinachohitaji kubadilika ni kinachoandikwa kwenye bamba, na kwa mpangilio gani.

Kanuni ya kwanza tunayoisimamia: baada ya njia kuingia eneo la jina moja, jina hilo liondoke mbele na jina la kijiji lichukue nafasi. Ukishapita Kufile, kila mtu kwenye barabara ile anakwenda Kizimkazi. Kuliandika tena kwa herufi kubwa penye mgawiko hakumsaidii yeyote, kwa sababu linakubali pande zote mbili. Desturi ya wachoraji wengi ni KIZIMKAZI kwa herufi nene, halafu chini, kwa herufi za nusu urefu, Dimbani au Mkunguni. Igeuzwe. Dimbani iwe kubwa, mshale wa kulia. Mkunguni iwe kubwa, mshale wa kushoto. Kizimkazi ikiwepo, iwe juu kwa udogo, mara moja tu, ikizihusu zote mbili. Na kibao cha msikiti wa kale kiandikwe "Msikiti wa kale, Dimbani". Neno moja la ziada, na kisa hiki kisingetokea.

Kanuni ya pili: jina likianza kuonekana, lisipotee mpaka lifikiwe. Kama Kizimkazi imeandikwa Mwanakwerekwe au Tunguu, basi Kitogani lazima iwepo chini ya Makunduchi, hata kama barabara haiishii huko. Jina linalotoweka katikati ya safari humfanya dereva adhani ameshapita.

Sasa vipimo, maana hapa ndipo nia njema inapoharibikia. Gari inayokwenda kilomita 60 kwa saa inakata karibu mita 17 kila sekunde. Wahandisi wa Uingereza walikuwa na hesabu nyepesi ya muda wa kusoma kibao: sekunde 2, ongeza theluthi moja ya sekunde kwa kila jina. Kibao cha majina sita kinataka sekunde 4, yaani mita 67 za barabara. Kwa upande wa herufi, kipimo cha tahadhari kinachotumika Marekani ni kwamba kila sentimita 1 ya urefu wa herufi inasomeka kutoka kama mita 3.6. Herufi ya sentimita 15 inasomeka kutoka mita 54. Kwa hivyo kibao cha majina sita kwa herufi za sentimita 15 hakisomeki kikamilifu na mtu asiyepunguza mwendo, hata kiwe safi na kimenyooka vipi. Majina matatu yanataka sekunde 3, mita 50, na yanaingia ndani ya ile 54. Huo ndio mpaka: majina matatu. Ukiwa na la nne, weka kibao kingine mbele, usilibane.

Kibao kikae wapi? Dereva akishasoma anahitaji kama sekunde 2 za kuamua, mita 33. Kisha apunguze kutoka 60 hadi kama 15 ili apinde bila kumwaga mzigo, na kwa breki za kistaarabu hiyo inakula karibu mita 90. Jumla mita 120 na kitu. Kwa hiyo kibao cha matayarisho kiwe kama mita 150 kabla ya njia panda, na kingine penye njia panda yenyewe chenye mshale. Penye kibao kimoja tu, kilichochomekwa kwenye kona yenyewe, dereva mwenye mzigo atakisoma akiwa anapita. Atafunga breki ghafla au atakwenda kugeuzia mbele, na kugeuza katika barabara nyembamba yenye miembe pande zote mbili ndiko kunakoleta ajali.

Herufi ziwe kubwa mwanzoni na ndogo zinazofuata: Dimbani, si DIMBANI. Hili walilisimamia Jock Kinneir na Margaret Calvert walipochora upya vibao vya Uingereza miaka ya 1950 na 1960, na kwa majina yetu linafaa zaidi. Yaandike kwa herufi kubwa tupu, DIMBANI na MKUNGUNI, kwa mbali unaona matofali mawili marefu. Yaandike Dimbani na Mkunguni: la kwanza lina mguu wa b unaosimama katikati, la pili lina k inayopanda na g inayoshuka chini ya mstari. Jicho linatambua umbo kabla halijasoma herufi.

Upana nao unapigiwa hesabu kabla ya kukata bamba. Herufi pamoja na nafasi yake inachukua kama asilimia 80 ya urefu wake. Maneno "Kizimkazi Mkunguni" yana herufi 17. Kwa sentimita 15, mstari mmoja unapita mita 2. Fundi wa vibao akikosa bamba la mita 2 huzibana herufi ziingie, na herufi zilizobanwa hazisomeki kutoka mita 54 tena. Mistari miwili, au jina la kijiji peke yake, humaliza tatizo hilo.

Kuhusu bamba lenyewe, pwani haisamehe. Chuma cha kawaida kilichopakwa rangi huanza kutokwa na kutu kwenye matundu ya boliti. Alumini ya milimita 3 inadumu zaidi, lakini usiibane kwa boliti za chuma ikigusana moja kwa moja: chumvi ikiingia baina ya metali hizo mbili, alumini inaliwa kuzunguka tundu, na siku ya upepo wa kusi kibao kinazunguka na mshale unaonesha upande mwengine. Weka washa za plastiki pande zote mbili, na boliti mbili kwa kila nguzo, si moja. Ukingo wa chini wa kibao uwe juu kama mita 2.1, mtu apite chini yake. Na mara moja kabla ya masika na mara moja baada yake apite mtu na panga: tawi moja la mwembe linatosha kulifuta jina zima.

Namba nazo zitumike, kwa sababu tunazo. Kuongeza "326" kwa herufi ndogo pembeni mwa Kizimkazi, "310" kwa Makunduchi, "309" kwa Jambiani, kunaunganisha kibao na kitu ambacho kila mtu amekibeba kichwani. Sharti ni moja: iandikwe namba kamili. Tarakimu ya mwanzo peke yake ndiyo iliyompeleka dereva wetu Paje.

Kwa anayempokea mgeni au mzigo leo, kabla hata ya bamba moja kukatwa, ujumbe wa maandishi wa mistari mitano unatosha. Fundi angeandika hivi: "Nakusubiri Kizimkazi MKUNGUNI, si Dimbani. Kitogani usipinde Paje, shika njia ya Makunduchi. Kufile ingia kulia. Njia ikigawika acha ya kulia, shika ya kushoto. Ukiona msikiti wa kale, umeshapotea." Mstari wa mwisho ndio wa thamani kubwa kuliko yote: alama inayomwambia mtu kuwa amekosea inafaa kuliko alama tatu zinazomwambia amepatia. Akitaka kutuma na alama ya ramani, atume ya pahala alipo, kwa sababu ukiandika "Kizimkazi" kwenye simu unapewa nukta moja, na vijiji ni viwili.

Imebaki safari ya kurudi, ambayo wapanga vibao huisahau. Dereva ameshusha tangi, kiza kimeingia, anatoka Mkunguni, anafika Kufile. Kushoto ni Muyuni, Kitogani na mjini. Kulia ni Makunduchi. Vibao vingi vya shamba humrudisha mtu kwa neno "Zanzibar". Mtalii ataelewa. Lakini huyu ni mtu wa Wete. Zanzibar amezaliwa ndani yake, na hapo Kufile alipo ni Zanzibar vilevile. Neno ambalo watu wa shamba wote wanalitumia wakipanda gari asubuhi ni "mjini." Basi bamba la Kufile, kwa anayetoka Kizimkazi, liwe na mistari miwili: Mjini, mshale wa kushoto, Makunduchi, mshale wa kulia. Na liwe la kung'aa kwa taa, maana anayelihitaji zaidi atalifikia usiku.